Malazi ya Bei Nafuu London: Chagua Reli Kabla ya Kitanda

Wengi wanaonitafuta baada ya kurudi kutoka London hunisimulia kisa kilekile kwa maneno tofauti. Chumba kilionekana rahisi kwenye skrini, kikaja kuwa ghali njiani: karibu saa nzima kwenye treni kwenda mjini, saa nyingine kurudi, nauli za watu wawili kila siku, na Jumapili moja reli pekee ya mtaa ule ikafungwa kwa matengenezo. Mwingine alipata chumba katikati kabisa ya jiji, lakini ghorofa ya 4, hakuna lifti, na begi lake lina kilo 23.

Kosa ni moja. Watu huanza na kitanda. Wanafungua tovuti, wanapanga bei kutoka ya chini kwenda ya juu, wanachukua cha kwanza chenye picha safi. London haikubali kupangwa hivyo, kwa sababu maisha ya mgeni pale yanategemea treni kuliko kitu kingine chochote. Anza na reli, halafu kituo, halafu kitanda.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kwa siku chache hadi wiki mbili hivi: mtalii, mgeni wa mkutano, mzazi anayempeleka mwanawe chuoni. Anayetafuta nyumba ya kupanga kwa mwaka mzima ana taratibu zake, na sizigusi hapa.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Ramani ya treni ya Transport for London (TfL), mamlaka ya usafiri ya jiji, ile yenye kanda. Ipakue bure na uihifadhi kwenye simu.
- Programu ya ramani inayoonyesha picha za barabara.
- Orodha ya sehemu utakazokwenda, pamoja na anwani zake.
- Saa kamili ya ndege kutua na kuondoka, na jina la uwanja.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya nje ya nchi. Iulize benki yako mapema inakata ada gani.
- Karatasi na kalamu kwa ajili ya Hatua ya 4. Usiifanye kichwani.

## Hatua ya 1: Weka alama za mahali utakapokwenda

Chukua orodha yako na utafute kituo cha treni kilicho karibu na kila sehemu. Andika jina la kituo na reli zinazopita hapo. Makumbusho ya Uingereza: Russell Square au Holborn, reli ya Piccadilly. Mkutano wako uko Canary Wharf, mtaa wa ofisi za mabenki mashariki mwa jiji: Jubilee, Elizabeth au DLR (treni nyepesi za upande wa mashariki). Mwanao anasoma Imperial College: South Kensington, na hapo pia Piccadilly inapita.

Ukimaliza, angalia ni reli gani imejirudia zaidi. Hiyo ndiyo reli yako. Kila mara unapobadilisha treni unapoteza dakika 5 hadi 10, na ngazi juu. Ukilala kwenye reli inayofika moja kwa moja unakokwenda kila siku, unaweza kukaa mbali kidogo na bado ukafika mapema kuliko aliyelala karibu lakini anabadilisha treni mara mbili.

Fanya vivyo hivyo kwa uwanja wa ndege, kwa sababu viwanja vya London vimetawanyika vibaya. Heathrow ina reli za Piccadilly na Elizabeth. Treni za Gatwick huingia Victoria, London Bridge na St Pancras. Za Stansted huenda Liverpool Street, nyingi zikisimama Tottenham Hale. Za Luton hufika St Pancras. Ndege ya saa 1 asubuhi kutoka Stansted na chumba Hammersmith, upande wa magharibi wa jiji, ni mateso ambayo huna haja nayo.

Hatua hii imekamilika ukiwa na jina la reli moja, au mbili, bila kuwa umeangalia chumba hata kimoja.

## Hatua ya 2: Chagua kituo chenye njia mbili za kutokea

London imegawanywa kwa kanda za nauli. Kanda ya 1 ni katikati, na namba zinaongezeka kadiri unavyokwenda pembeni. Kwenye ramani zimeandikwa "Zone". Kwa mgeni wa siku chache, mimi nasema: Kanda ya 2 na ya 3 ndizo za kutafuta kwanza. Kanda ya 1 vyumba vya bei nafuu vipo, ila ni vidogo na vingi viko kwenye nyumba kuukuu. Kuanzia Kanda ya 4 safari inaanza kula siku yako.

Kisha kuna sharti ambalo watu wengi hawalijui: kituo kiwe na reli mbili au zaidi. Mwishoni mwa wiki TfL hufunga vipande vya reli kwa matengenezo, na wakati mwingine kuna migomo. Mtaa wenye reli moja ukifungiwa, unabaki na basi la badala linalotambaa kwenye foleni. Mtaa wenye reli mbili, unavuka tu jukwaa la pili.

Hivi ndivyo vituo ninavyowatajia watu, na sababu zake:

Stratford (mpakani mwa Kanda ya 2 na 3). Kwa bei dhidi ya usafiri, sijaona pa kupashinda. Reli za Central, Jubilee, Elizabeth na DLR zote zipo. Kwa Elizabeth unafika Liverpool Street chini ya dakika 10. Hoteli za bei nafuu ni nyingi. Ubaya wake: siku za mechi au tamasha kwenye uwanja wa London Stadium, bei hupanda na kituo hujaa.

Hammersmith (Kanda ya 2). Piccadilly inakuleta hapo moja kwa moja kutoka Heathrow, na District ipo pia. Mtaa una shughuli hadi usiku.

Finsbury Park (Kanda ya 2). Piccadilly na Victoria. Mtaa wenyewe hauna madoido, lakini Victoria ni reli ya haraka mno kuingia katikati.

Ealing Broadway (Kanda ya 3). Elizabeth, Central na District. Pametulia, panafaa wenye watoto.

Canada Water (Kanda ya 2). Jubilee, na Windrush, mojawapo ya reli za Overground (treni za mjini zinazopita zaidi juu ya ardhi). Zuri kwa mwenye shughuli Canary Wharf ambaye hataki kulipa bei za Canary Wharf.

Earl's Court (mpakani mwa Kanda ya 1 na 2). Piccadilly na District. Ni mtaa wa zamani wa hosteli na hoteli ndogondogo. Soma Hatua ya 5 kwa makini kabla ya kuchukua chumba hapa.

Vituo hivi 6 vina lifti, na hilo si jambo dogo: ni karibu theluthi moja tu ya vituo vya Tube (treni za chini ya ardhi) ambavyo mtu anaweza kutoka barabarani hadi kwenye treni bila kupanda ngazi. Vituo vya reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, vyote vina huduma hiyo. Kama una mzee, mtoto wa kubebwa au mabegi makubwa, acha hili liamue peke yake.

Angalia pia usiku. Siku za kawaida treni huisha karibu saa 6 au 6:30 usiku. Ijumaa na Jumamosi kuna treni za usiku kucha kwenye reli 5 tu za Tube: Central, Jubilee, Northern, Piccadilly na Victoria, na si kwenye matawi yake yote. Vituo 6 nilivyotaja vyote vinafikiwa na mojawapo ya hizo.

Onyo kuhusu majina. Hoteli yenye neno "London" kwenye jina lake inaweza kuwa pembezoni kabisa mwa jiji, au hata nje ya jiji. Na msimbo wa posta unadanganya. Herufi zinaonyesha upande: E mashariki, SE kusini-mashariki, N kaskazini. Watu hudhani namba inaonyesha umbali, kwamba E4 ni jirani wa E3. Sivyo. Namba 1 ndiyo ya karibu na katikati, lakini zinazofuata zilipangwa kwa alfabeti ya majina ya maeneo. Ndiyo maana E3 ni Bow, karibu na mjini, na E4 ni Chingford, ukingoni mwa London. SE1 iko mkabala na Bunge, ng'ambo ya mto. SE2 ni Abbey Wood, mbali huko mashariki. Usichague kwa msimbo. Chagua kwa dakika za kutembea hadi kituoni, na zisizidi 10.

## Hatua ya 3: Amua aina ya malazi

Sasa ndipo unafungua tovuti, ukiwa umechuja kwa kituo.

Hoteli za bei nafuu zenye matawi mengi, kama Premier Inn, Travelodge na ibis budget. Chumba utakachokuta ndicho ulichokiona, na hilo lina thamani kubwa kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza. Bei zao hubadilika kila siku kama za ndege, hivyo anayeweka nafasi mapema hulipa kidogo. Premier Inn ina vyumba vya familia vya watu wazima 2 na watoto 2, na hapo familia huokoa sana.

Hosteli. Kitanda katika chumba cha pamoja, mara nyingi dabodeka, watu 4 hadi 12 au zaidi. Kwa mtu mmoja hakuna kitu rahisi zaidi ya hiki. Lakini kama mko wawili, pigeni hesabu: vitanda viwili vya hosteli mwishoni mwa wiki vinaweza kufikia bei ya chumba cha hoteli. Beba kufuli lako, taulo na vizibo vya masikio. Mwenye mtoto aulize kwanza, maana hosteli nyingi haziruhusu walio chini ya miaka 18 kwenye vyumba vya pamoja.

Mabweni ya vyuo vikuu. Hii ndiyo siri ninayopenda kuitoa. Wanafunzi wakifunga chuo, vyuo kama LSE na King's College hukodisha vyumba vyao kwa wageni, hasa kati ya mwisho wa Juni na Septemba. Chumba cha mtu mmoja, safi, mara nyingi Kanda ya 1, kwa bei ambayo hoteli za jirani haziwezi kuigusa. Huduma ni ya kibweni: kitanda chembamba, pengine bafu la pamoja. Huisha haraka, kwa hiyo anza kuulizia miezi kadhaa kabla.

Hoteli ndogo za familia zenye chai ya asubuhi. Zimejaa Earl's Court, Victoria, King's Cross na mitaa ya Paddington. Nyingine ni nzuri kabisa. Nyingine zimechoka. Picha pekee haitakuambia ipi ni ipi.

Nyumba au ghorofa ya mtu binafsi. Inafaa kundi la watu 4 au zaidi wanaotaka kupika. Ila jua kwamba katika London Kuu, tangu sheria ya mwaka 2015, mwenye nyumba haruhusiwi kukodisha nyumba nzima kwa muda mfupi zaidi ya siku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji. Mwenye kuvunja sheria hiyo akibanwa, nafasi yako inaweza kufutwa ukiwa umeshapanga safari. Ongeza ada ya usafi na ada ya tovuti kabla ya kulinganisha na hoteli. Kwa usiku 2 au 3, ada hizo peke yake huharibu hesabu.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya bei kamili

Hapa ndipo karatasi inapofanya kazi. Andika bei ya chumba kwa usiku, kisha ongeza nauli ya siku kwa kila mtu mzima.

London ukilipia nauli kwa kadi ya benki ya kugusa au kadi ya Oyster (kadi ya nauli ya TfL unayoijaza pesa), kuna kiwango cha juu cha siku: ukikifikia, safari zinazofuata hazikatwi. Kwa viwango vya Machi 2025, kiwango hicho kilikuwa pauni 8.90 kwa Kanda ya 1 na 2, pauni 10.50 hadi Kanda ya 3, na pauni 12.80 hadi Kanda ya 4. Kagua cha sasa kwenye tovuti ya TfL.

Chukua mfano wa watu wawili wanaozunguka kutwa. Chumba cha kwanza kiko Kanda ya 2 kwa pauni 95. Cha pili kiko Kanda ya 4 kwa pauni 85. Cha kwanza, ukiongeza nauli za pauni 17.80, kinakuwa pauni 112.80. Cha pili, na nauli za pauni 25.60, kinakuwa pauni 110.60. Zile pauni 10 ulizodhani umeokoa zimebaki 2.20, na kwa hizo unapanda treni dakika nyingi zaidi kila asubuhi na kila usiku. Ongeza mlo mmoja uliolazimika kununua mjini kwa sababu chumbani ni mbali mno kurudi kupumzika, na faida imekwisha.

Watoto wa chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye Tube wakiwa na mtu mzima, hadi watoto 4 kwa mtu mzima mmoja. Kwa hiyo usiwahesabie nauli.

Kuna njia moja ya kupindua hesabu hii, nayo ni basi. Mabasi ya London hayana kanda. Mwaka 2025 nauli ilikuwa pauni 1.75, ukibadilisha basi ndani ya saa moja hulipi tena, na kiwango cha juu cha siku kwa mabasi peke yake kilikuwa pauni 5.25. Mwenye muda mwingi na pesa kidogo anaweza kulala Kanda ya 3 au ya 4 karibu na basi linaloingia mjini moja kwa moja na akaokoa kweli. Ni polepole, hilo nisikufiche. Na kumbuka basi halipokei pesa taslimu. Kila mtu mzima awe na kadi yake.

Mwisho wa hatua hii uwe na vyumba 3, kila kimoja na namba moja tu mbele yake: bei kamili ya usiku kwa kundi lote. Ada zote ziwe ndani. Bei za hoteli Uingereza huonyeshwa zikiwa na kodi ya VAT ya asilimia 20 tayari, hivyo ukiona tangazo linaloiongeza mwishoni, simama na uulize.

## Hatua ya 5: Soma tangazo kama mkataba

Nililala siku 4 kwenye hoteli moja karibu na Paddington, chumba cha chini ya usawa wa barabara. Dirisha lilitazama ukuta wa matofali, umbali wa mkono mmoja. Tangazo lilikuwa limesema ukweli wote. Mimi ndiye sikulisoma. Tangu siku hiyo nasoma maneno haya kwanza:

- "Twin" ni vitanda viwili. "Double" ni kitanda kimoja cha watu wawili. Ndugu wawili au wafanyakazi wenza waliochukua "double" wamejikuta wanagawana shuka.
- "Shared bathroom": bafu na choo viko koridoni, mnatumia pamoja na wageni wengine. "En suite": viko ndani ya chumba chako.
- "Basement" au "lower ground": chini ya usawa wa barabara. Mwanga ni kidogo.
- "Ground floor" ndiyo ya chini kabisa unapoingia. "First floor" tayari umepanda ngazi. Hivyo "fourth floor" bila lifti ni ngazi za mizunguko minne.
- "No window": hakuna dirisha. Hoteli kadhaa za bei nafuu katikati ya jiji huuza vyumba hivi. Usiku 1 utavumilia, wiki nzima utaona dhiki.
- "Room only": hakuna chai ya asubuhi.
- "Non-refundable": ukilipa, umelipa.

Neno la lifti litafute mwenyewe. Nyumba nyingi za Earl's Court, Victoria na King's Cross zilijengwa karne ya 19, ngazi zake ni nyembamba na zenye kona. Kama tangazo halitaji lifti, chukulia haipo hadi wakuandikie kwamba ipo.

Kwa safari ya Juni hadi Agosti, uliza kuhusu kiyoyozi au angalau feni. Vyumba vingi vya bei nafuu havina, na vya juu kabisa chini ya paa hugeuka tanuri. Julai 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 za Selsiasi kwa mara ya kwanza, kwa hiyo usidanganywe na sifa ya baridi.

Maliza kwa picha za barabara. Weka anwani kamili, simama mbele ya mlango kwenye ramani, kisha tembea kwa kidole hadi kituoni. Je, jengo lililo kwenye picha ndilo lililo barabarani? Kuna maduka na taa njiani, au ni chini ya daraja la reli? Chini kuna baa? Dakika 5 za kazi hii zinazidi nyota zote za tovuti.

## Hatua ya 6: Maoni ya wageni, kwa haraka

Soma ya miezi 6 ya karibuni tu. Ruka yanayosifu sana na yanayotukana sana. Tafuta la wastani lililoandikwa na mtu aliyekaa usiku 3 au zaidi. Tafuta neno moja moja: kunguni, ufunguo, maji ya moto, kelele. Lalamiko la kunguni mara moja ni la kutia shaka. Mara mbili ndani ya miezi michache, achana napo.

## Hatua ya 7: Panga tarehe vizuri

Hili linawaumiza hata wasafiri wazoefu, na Kiswahili kinalieleza vizuri. Hoteli ikikuuzia tarehe 11, inakuuzia usiku wa kuamkia tarehe 12. Ndege nyingi za masafa marefu hutua Heathrow alfajiri. Ukitua saa 11 alfajiri ya tarehe 12 na nafasi yako inaanza tarehe 12, chumba chako kitakuwa tayari karibu saa 9 alasiri. Ukitaka kulala ukifika, lipia kuanzia tarehe 11 na uwaandikie hoteli kwamba utaingia alfajiri. Usipowaandikia, watakuhesabu hukutokea, na wengine hufuta siku zote zilizobaki.

Kama hutaki kulipia usiku wa ziada, uliza jambo moja tu: naweza kuacha mizigo mapokezi kuanzia asubuhi? Hoteli na hosteli nyingi hukubali. Nyumba za watu binafsi mara nyingi haziwezi.

Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili: "3 pm" kwenye tiketi ya hoteli ni saa 9 alasiri, na kutoka kabla ya "11 am" ni saa 5 asubuhi. Andika upya saa zote kwa hesabu yako siku hiyohiyo unapoweka nafasi.

Kuhusu msimu: Julai na Agosti, Pasaka na Desemba ni ghali. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon, kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, hupandisha bei za kusini-magharibi, na kanivali ya Notting Hill, mwisho wa Agosti, hupandisha za magharibi. Januari na Februari ni nafuu. Na eneo la City, mtaa wa mabenki katikati ya London, pamoja na Canary Wharf, ambako hoteli hutegemea watu wa ofisi, bei mara nyingi hushuka Ijumaa hadi Jumapili, wakati kwingine zinapanda.

## Hatua ya 8: Lipa bila kujifunga na bila kuibiwa

Kama unahitaji viza, weka nafasi inayofutika bure. Fomu ya viza ya mgeni itakuuliza utakaa wapi na utatumia kiasi gani, lakini mwongozo wa serikali ya Uingereza unaitaja nafasi ya hoteli miongoni mwa nyaraka ambazo hazihitajiki kama ushahidi. Hakuna sababu ya kulipa "non-refundable" kabla ya majibu. Viza ikishatoka, rudi uangalie: huenda chumba kilekile kina bei ya chini zaidi kwa asiyehitaji kufuta. Chukua hicho kwanza, ndipo ufute cha zamani.

Lipa kwa kadi, ndani ya tovuti au moja kwa moja kwenye tovuti ya hoteli. Mtu akikuomba utume pesa benki, au kwa njia ya kutuma fedha kwa jamaa, ili "akushikie chumba", hapo hakuna chumba. Namjua dada aliyelipa amana ya ghorofa nzima kwa njia hiyo. Alipofika kwenye anwani alikuta duka la kufulia nguo.

Wizi mwingine umekuwa mjanja zaidi. Baada ya kuweka nafasi halali, unapokea ujumbe, wakati mwingine ndani ya programu yenyewe ya kuwekea nafasi, ukisema kadi yako imekataa na ubonyeze kiungo kuithibitisha ndani ya saa chache. Usibonyeze. Tafuta namba ya hoteli kwenye tovuti yake na upige simu.

Mashine ikikuuliza ulipe kwa pauni au kwa sarafu ya kwenu, chagua pauni. Ile nyingine hubeba kiwango kibaya cha ubadilishaji. Na acha nafasi kwenye kadi, kwa sababu hoteli nyingine hushikilia kiasi fulani kama dhamana hadi uondoke.

Umemaliza hatua hii ukiwa na barua ya uthibitisho yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, anwani kamili, tarehe, bei ya mwisho na siku ya mwisho ya kufuta bure. Piga picha ya skrini na uchapishe nakala moja. Afisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza unakaa wapi, na huo si wakati wa kuhangaika na intaneti.

## Hatua ya 9: Kufika na dakika 20 za kwanza

Kutoka Heathrow, Piccadilly ndiyo treni ya bei ya chini. Elizabeth ina kasi zaidi lakini nauli yake ni zaidi ya mara mbili. Heathrow Express hufika Paddington kwa dakika 15, na kwa mtu wa bajeti ukinunua tiketi siku hiyohiyo ni pesa iliyopotea. Gusa kadi unapoingia na unapotoka, kadi ileile, la sivyo utakatwa nauli ya juu.

Ukipewa ufunguo, usifungue begi. Jaribu kwanza kufuli la mlango, dirisha, maji ya moto na taa. Inua kona ya godoro ukiwa na tochi ya simu. Vidoa vidogo vyeusi kwenye mishono ni dalili ya kunguni. Kama kuna tatizo, piga picha na urudi mapokezi wakati huohuo, kwa upole, ukiomba chumba kingine. Mgeni ambaye bado hajatandaza nguo zake huhamishwa kwa urahisi. Aliyelalamika siku ya tatu huambiwa vyumba vimejaa.

Ukiridhika, acha mizigo na utembee hadi kituoni mikono mitupu kabla giza halijaingia. Hesabu dakika. Tazama ni upande gani wa barabara wenye taa na watu, na upite huo usiku. Halafu nenda kwenye kituo cha basi kilicho karibu na uandike namba ya basi la usiku linalosimama hapo. Nyingi huanza na herufi N.